Nzuri, Ila

Nchi ninayokusimulia haikuwako zamani za kale. Ipo sasa hivi, ina bendera, ina wimbo, ina mawaziri wengi kuliko madaraja, na kama wewe msomaji unadhani unaijua, kaa na dhana yako kimya kimya, maana mimi sijataja jina. Mimi ni kinyozi. Kinyozi hataji majina. Ananyoa tu, nywele zikishaanguka chini kila mtu anazitambua zake.

Basi katika nchi hiyo Serikali iliwapenda wananchi wake mpaka ikakosa usingizi kwa kutaka kujua wanafikiri nini. Iliwahi kuwauliza ana kwa ana, wakaijibu, na majibu yale yakaiuguza. Tangu siku hiyo ikaamua iwe inawauliza kwa mtandao, ambako mtu akikusema vibaya huuoni uso wake. Wizara ya Ustawi na Kuridhika ikatunga dodoso, ikalitia mtandaoni, ikakaa kungoja. Hakujaza mtu. Ikaahidi kofia. Watu wakasema kofia tunazo za uchaguzi uliopita, bado hazijapauka. Ikaahidi kanga yenye picha ya Waziri. Wanawake wakauliza kama inaweza kuja bila picha.

Ndipo Waziri mwenyewe, Mheshimiwa Dokta Shibe Ngwale, alipopata fikra. Dokta Shibe ni mtu mnene wa mwili na mwembamba wa haya. Udaktari wake alitunukiwa na chuo alichokizindua mwenyewe, siku ile ile, kabla mkasi wa utepe haujarudishwa dukani. Alipopata fikra hiyo nchi nzima ilijulishwa, kwa kuwa halikuwa jambo la kila wiki.

"Ndugu wananchi," alisema redioni, "wataalamu wangu wamethibitisha kwamba mwananchi wetu hajipendi. Ukimwambia jaza upate, hajazi. Lakini ukimwambia jaza ili mgonjwa apate, atajaza mpaka kidole kiote sugu. Kwa hiyo kuanzia leo, kila atakayejaza dodoso, Serikali itatoa sadaka kwa niaba yake. Wahenga walisema kutoa ni moyo, usambe ni utajiri. Wahenga, Mungu awarehemu, hawakuwa na simu. Sisi tunasema: kutoa ni kidole!"

Akapiga makofi mwenyewe, tukayasikia vizuri.

Sadaka yenyewe ilikuwa gari la wagonjwa. Wahisani wa ng'ambo walikuwa wamekwisha kulileta zamani, likawa limelala ghalani kwa Wizara, matairi yameanza kulegea, likingoja kutolewa sadaka na watu wasiokuwa nalo. Kila mji uliambiwa gari ni lake. Na wala haukuwa uongo, kwa sababu hakuna mji ulioambiwa litafika lini.

*

Mji wetu unaitwa Chekeni, nasi tunajitahidi.

Zahanati yetu ina mkunga mmoja, Bi. Mwanahija, mwanamke mwenye mikono ya dhahabu na mkasi wenye kutu. Kinachomshinda yeye hupelekwa hospitali ya wilaya, kwa barabara ambayo hata punda huitazama kwanza. Dada yangu Siwema anaijua barabara hiyo. Mimba yake ya kwanza ilimsumbua, tukampakia kwenye mkokoteni, na mtoto akafia njiani hata mto hatujauvuka. Tulimzika makaburini, upande wa juu, chini ya jiwe jeupe. Mwaka huu Siwema alikuwa mjamzito tena, tumbo limeshuka, na kila jioni akija kibandani kwangu kuniletea chakula alikuwa akiitazama ile barabara. Mimi nami nikijifanya nanoa wembe.

Kwa hiyo Bwana Teofili, Afisa Kuridhika wa Wilaya, alipokuja na kipaza sauti akataja maneno "gari la wagonjwa", dada yangu alikuwa wa kwanza kusimama.

"Bwana Afisa, najaza wapi?"

"Mtandaoni, mama."

"Mtandao wetu uko makaburini," akasema Siwema.

Teofili alidhani anatukanwa. Lakini ndiyo hivyo. Chekeni nzima simu hazishiki, isipokuwa pale juu makaburini, tena upande wa lile jiwe jeupe. Wizara ilipoarifiwa ikapongeza. Ikasema ni ishara ya moyo wa uzalendo kwamba hata marehemu wetu wako karibu na huduma.

Tukapanda makaburini mji mzima, wenye simu za kupangusa mbele, sisi wenye vitochi nyuma tukingoja kuazimwa. Siwema akaandika jina lake. Mashine ikafikiri, ikajibu kwa maandishi mekundu: *Jina lako lina malalamiko.*

"Hilo 'si' la mwanzo," Teofili akaeleza kwa huruma. "Mashine haipendi kukanusha. Andika Niwema."

"Nimeitwa Siwema na bibi yangu!"

"Bibi yako hakuwa na takwimu, mama. Unalitaka gari au hulitaki?"

Akaandika Niwema. Nyuma yake alikuwa Mzee Tabu, fundi viatu, mteja wangu wa miaka na miaka. Mashine ikamkatalia kabisa mpaka akawa Mzee Raha. Mama Shida akawa Mama Shani. Siku hiyo mji wetu ulipata neema nyingi kwa mkupuo mmoja, nami nikashukuru kwamba naitwa Chande, jina lisiloomba kitu wala kukataa.

*

Sasa sikiliza dodoso lenyewe lilivyokuwa, maana hapa ndipo akili kubwa ya Wizara ilipoonekana.

Mtaalamu mmoja wa chuo kikuu alikuwa amegundua kwamba wananchi wanaogopa maswali lakini hawaogopi salamu. Basi maswali yote yakageuzwa salamu. *Habari za afya? Habari za maji? Habari za barabara? Habari za zahanati?* Chini yake kisanduku, uandike.

Nawe unajua tulivyolelewa. Mtu akikuuliza habari, humjibu "mbaya" usoni. Hata kama nyumba inaungua nyuma yako utasema, "Nzuri, ila tuna moto kidogo." Hata msibani mfiwa akishikwa mkono akaulizwa habari za hapa, atasema, "Nzuri, ila ndiyo hivyo, mzee katuacha." Hiyo "nzuri" ni mlango tu. Habari yenyewe imekaa ndani, nyuma ya "ila", na mwenye adabu akishasikia "nzuri" hunyamaza, akangoja "ila" ije. Hili halifundishwi shule. Mtoto analijua kabla hajaota meno.

Dodoso halikulelewa na mtu.

Siwema aliandika: *Nzuri, ila maji hayatoki tangu mfungo.* Alipobonyeza, kisanduku kikabaki na *Nzuri*. Mengine yote baada ya mkato yakafutika. Akaandika: *Nzuri, ila barabara iliniua mtoto.* Kikabaki na *Nzuri*. Kengele ikalia kwenye simu, maua yakachanua kiooni, na sauti ya msichana ikasema: *Asante! Umetoa sadaka!*

"Bwana Afisa," Siwema akaita, "ila yangu imekwenda wapi?"

"Usiwe na wasiwasi, mama. Ila zote zinakwenda Idara ya Ila, makao makuu."

"Iko idara hiyo?"

"Imeshaundwa. Inatafutiwa jengo."

Bi. Mwanahija alikuwa ameketi pembeni amejifunga kanga kiunoni, hajajaza. "We Chande," akaniita, "hebu niambie mwanangu. Nikitaka kusema hali mbaya kuanzia neno la kwanza, nitaonekana sina adabu?"

"Utaonekana, Bi."

"Mbele ya simu?"

Nikakuna kichwa. Lakini simu yenyewe ilikuwa imemsalimu, tena imemwita mama. Bi. Mwanahija akaguna, akaandika: *Nzuri, ila.* Hakuendelea. Alisema kama wanafuta, basi angalau asipoteze wino.

Ili tusikate tamaa, Wizara ilisimamisha bango kubwa sokoni. Kila watu wa Chekeni walipojaza vya kutosha, fundi wa rangi alikuja akachora kipande cha gari. Kwanza tairi. Kisha tairi la pili. Ukaja mlango, ikaja ile taa ya juu. Wallahi, watu walijaza! Waliojaza wakajaza tena kwa majina ya wake zao. Mchuuzi wa mihogo aliacha mihogo. Siwema alipanda makaburini kila alfajiri na tumbo lake, akimpita mwanawe chini ya jiwe jeupe, akisalimiwa na simu naye akiijibu nzuri, nzuri, nzuri, kisha anashuka sokoni kutazama kama gari limeongezeka.

Siku bango lilipokamilika, likiwa limepakwa mpaka king'ora, wanawake walipiga vigelegele. Siwema aliligusa tairi la rangi kwa kiganja. "Kaka," akaniambia, "huyu atazaliwa." Nikamwambia inshallah. Nililiamini bango lile, nakwambia kweli.

*

Matokeo yalitangazwa redioni na Dokta Shibe mwenyewe, sauti imejaa machozi ya furaha.

"Ndugu wananchi! Dunia nzima haijapata kuona. Mashariki, nzuri! Magharibi, nzuri! Chekeni, ambako wapinzani walieneza uvumi kwamba hakuna maji, barabara wala zahanati, nzuri, nzuri na nzuri! Sasa linabaki suala la sadaka. Sadaka, kwa mujibu wa dini zote na kanuni za wahisani, hapewi mwenye hali nzuri. Hupewa mwenye hali mbaya. Tumepekua majibu ya nchi nzima tukimtafuta mtu wa hali mbaya. Tumempata mmoja tu."

Tukasikia anakunywa maji.

"Mtu huyo, ndugu zangu, kwa masikitiko makubwa, ni mimi."

Ilikuwa hivi. Dokta Shibe alijaza dodoso siku ya uzinduzi, mbele ya kamera, ametoka kula mbavu za mbuzi. Mashine ikamuuliza habari za afya, naye, mtu ambaye kwa miaka mingi husalimiwa na kila mtu bila kulazimika kuitikia, akaandika kilichokuwa tumboni: *Mbaya.* Katika nchi nzima hakupatikana mwingine mwenye malezi ya namna hiyo.

"Nimelipokea gari hili," akamalizia, "kwa unyenyekevu, na kwa maumivu."

Kibandani kwangu watu walibaki wameduwaa na vitambaa shingoni. Mzee Tabu akasema, "Lakini sisi tulisema ila." Mwingine akamjibu, "Tulisema wote." Siwema alikuwa mlangoni na sahani ya wali. Hakulia. Aliiweka sahani chini polepole, akaniuliza kama mkokoteni wetu bado una magurudumu yote mawili.

Moja halikuwapo. Tulikuwa tumeliuza tununue bando.

*

Uchungu ulimshika asubuhi, nikiwa nimemnyoa Mzee Tabu nusu kichwa. Bi. Mwanahija alimpapasa tumbo, uso ukambadilika, akanivuta nje.

"Mtoto amelala mkingamo, hashuki. Hapa simuwezi. Kimbia upige ile namba."

Ile namba iliitwa Namba ya Huruma, ilikuwa imeandikwa kwenye bango chini ya gari la rangi. Nikakimbia makaburini, nikasimama juu ya lile jiwe jeupe, Mungu anisamehe, maana ndipo simu inaposhika. Ikaita. Ikapokelewa na sauti ya yule msichana wa maua.

"Habari yako?"

"Nzuri, ila dada yangu..."

"Tumefurahi kusikia hali yako ni nzuri. Karibu tena."

Ikakata. Nikapiga tena.

"Habari yako?"

"Mbaya!" nikapiga kelele. "Mbaya! Mbaya!"

"Samahani. Eneo lako limeshathibitishwa kuwa zuri. Tafadhali jibu kwa usahihi."

Ikakata. Nilimtukana yule msichana matusi ambayo makaburi yale hayajapata kusikia, na hakuna aliyekuwa akinisikiliza.

Tukamlaza Siwema juu ya kitanda cha kamba, wanaume wanne tukakibeba mabegani, Mzee Tabu mbele na nusu kichwa chake, Bi. Mwanahija akienda ubavuni akimshika mkono. Jua lilikuwa kali. Siwema alikuwa akiuma ncha ya kanga. Hata nusu ya njia hatujafika, tukasikia king'ora.

Nikamshukuru Mungu. Nikadhani yule msichana alikuwa na roho kumbe. Gari likatokea kwenye kona, jeupe, lenyewe hasa, taa inawaka juu kama ilivyochorwa. Nasi, watu wa adabu, gari la wagonjwa tunalipisha. Tukashuka na kitanda mtaroni ili lipate kugeuza.

Dereva akapunguza mwendo, akatoa kichwa dirishani. "Habari za safari, wazee?"

"Nzuri, ila..." akasema Mzee Tabu.

"Haya, asanteni!" Akakanyaga mafuta. Lilipotupita tukaona kwa nyuma, kwenye kioo. Ndani kulikuwa na viti vya mahameli, zulia jekundu lililokunjwa, na makreti ya soda. Yalikuwa yanakwenda Chekeni kuandaa sherehe. Mheshimiwa alikuwa anakuja kutupa cheti cha Mji Mzuri.

Tulibaki mtaroni na kitanda begani, vumbi linatushukia. Mzee Tabu alijipiga mdomo kwa kiganja chake mwenyewe, tena na tena, mpaka Bi. Mwanahija akamshika mkono akamwambia basi, baba, basi, tembea.

Siwema walimwokoa. Mtoto alikuwa wa kike. Daktari wa wilaya alisema tungefika mapema kidogo, kidogo tu, angelia. Nilimbeba kurudi naye nyumbani amefungwa kwenye kanga, mwepesi, na nililia njia nzima, sikujificha. Tulimzika kando ya mwenzake. Tulipokuwa tunafukia, kijana mmoja wa Wizara alikuwa hatua chache kando yetu ameinua simu juu, anatafuta mtandao, akituomba tusogee kidogo.

*

Sherehe ilisogezwa mbele, cheti kikaletwa baada ya arubaini. Siwema alikwenda uwanjani na mkaja wake wa uzazi kiunoni, hakuna aliyethubutu kumzuia. Mzee Tabu alikuja na nusu kichwa chake. Tangu siku ile alikuwa amekataa kabisa nimalizie. Nusu iliyonyolewa ilianza kuota, lakini bado ilionekana.

Dokta Shibe alifika amelala ndani ya gari la wagonjwa, kwenye kile kitanda chenye magurudumu, mto chini ya kichwa. Wasaidizi wakamteremsha, wakamfuta jasho, wakamsimamisha juu ya zulia. Teofili alisimama nyuma yake ameshika cheti chenye fremu.

Mheshimiwa akainua mkono. "Wananchi wa Chekeni, hamjambo?"

Sasa neno hili tumelisema maisha yetu yote bila kulisikia. Hatujambo, yaani hatuna jambo. Mtu ana homa, hana jambo. Ana njaa, hana jambo. Wakoloni walituuliza hivyo tukawaambia hatujambo, na hawa nao kila wakipita kuomba kura tunawaambia hatujambo, uwanja mzima, kwa sauti moja. Mheshimiwa alikuwa amekwisha kutabasamu akingoja.

Uwanja ukawa kimya. Akarudia, kwa nguvu zaidi, akidhani kipaza sauti kimeharibika. "Hamjambo?"

"Nina jambo," akasema Siwema.

Hakupaza sauti. Lakini kulikuwa kimya mno, kila mtu akamsikia. Bi. Mwanahija, aliyesimama kando yake, akasema, "Tuna jambo." Mzee Tabu akasema tuna jambo. Nikajisikia na mimi nasema. Kisha ukaitikia uwanja wote, wake kwa waume, mpaka kunguru wakaruka kwenye paa la zahanati: "Tuna jambo!"

Dokta Shibe aligeuka. "Wanasemaje hawa?"

"Wanasema hawajambo, Mheshimiwa," Teofili akasema, jasho linamtoka, "ila..."

"Ila nini?"

"Ila wanalo."

Mheshimiwa alirudi nyuma hatua kwa hatua mpaka akaligusa gari, akajitia ndani, akafunga mlango. Dereva akatoa simu kuomba msaada, haikushika. Akamuuliza Mzee Tabu mtandao unapatikana wapi. Mzee Tabu akamwonyesha makaburini kwa adabu zote, akamwambia aende juu kabisa, kwenye mawe mawili meupe. Dereva akakimbia, ufunguo akauacha palepale unaning'inia.

Tukalizunguka gari. Hakuna aliyerusha jiwe, hakuna aliyetukana, na hilo nadhani ndilo lililomtisha zaidi. Tulisimama tu. Siwema akaenda mpaka dirishani, akagonga kioo kwa kidole kimoja.

"Mheshimiwa. Habari za afya?"

Kile kioo kilishuka kidogo, upana wa mdomo. Uso wa Dokta Shibe ulikuwa umelowa, macho yanatafuta walinzi, na walinzi walikuwa wamekwisha kuvua makoti yao wakachanganyika na watu. Basi kwa mara ya kwanza tangu awe mkubwa, mtu yule akayakumbuka malezi.

"Nzuri, mama," akasema. "Nzuri sana. Ila naomba mni..."

"Tumefurahi kusikia hali yako ni nzuri," akasema Siwema. "Gari hili ni la wenye hali mbaya. Shuka."

Mheshimiwa alimtazama Teofili. Teofili alikuwa anasoma cheti. Akashuka.

Bi. Mwanahija akamsogezea simu ya kupangusa ya kuazima, lile dodoso limefunguka. "Na hapa ubonyeze, baba. Si ulisema kutoa ni kidole?" Akabonyeza. Mtandao haukuwapo, kengele haikulia wala maua hayakuchanua, lakini sisi hatukuwa tunangoja mashine ndiyo ituambie asante.

Alirudi kwa miguu, kwa ile ile barabara. Teofili alimfuata nyuma amebeba kiti kimoja cha mahameli, na kila walipochoka Mheshimiwa akawa anakaa kidogo katikati ya njia.

*

Jioni Wizara ilitoa taarifa. Ilisema Mheshimiwa Waziri, kwa hiari yake na kwa moyo wa ukarimu usiomithilika, ameitolea Chekeni gari la wagonjwa. Ilisema pia kwamba uvumi kuwa wananchi walipiga kelele "tuna jambo" si wa kweli. Uchunguzi wa kitaalamu umebaini kwamba walichokuwa wanafanya ni kujamba, kutokana na maharage waliyokula kabla ya sherehe, na Serikali inawatakia afueni. Hakukuwa na maharage. Hatujaona maharage tangu mfungo. Lakini sisi ni watu wa adabu, na hali ya hewa tuliyoichafua siku ile hatuikanushi.

Gari tunalo. Mafuta tunachanga wenyewe, dereva ni yule yule mchuuzi wa mihogo, na bango la sokoni tuliling'oa likawa paa la banda la kuku. Juzi gari lilimpeleka wilayani binti wa Mama Shida, ambaye siku hizi ni Mama Shida tena, akarudi na mapacha. Bi. Mwanahija aliwapiga makofi ya matako wote wawili mbele ya zahanati ili mji mzima uwasikie wanalia. Siwema alikuwa amesimama nasi akasikiliza mpaka mwisho.

Ukipita Chekeni, karibu. Utatukuta tumebadilika kidogo. Ukituuliza habari za hapa, tutakwambia, "Mbaya, ila gari lipo." Wageni hushtuka, halafu huzoea.

Lakini dada yangu ukimuuliza, yeye hakwambii hiyo ila. Anasema, "Mbaya," ananyamaza, na anakuvutia kigoda. Ukae.